Naomba Mnitoe

Ukitaka kumuudhi Tito Mhina, usimtukane. Mwambie tu "hii kitu." Atanyamaza kwanza, akutazame kwa muda ili akupe nafasi ya kutubu mwenyewe, na ukishindwa kutubu atakwambia taratibu, "Kitu hiki." Tabia hiyo aliitoa kwao Muheza, mkoani Tanga. Alikuja nayo Kigali miaka tisa iliyopita pamoja na begi moja na cheti cha upimaji wa mapafu. Begi lilichanika zamani, cheti kimefifia ukutani, lakini tabia ipo na inanawiri.

Sasa, kuishi Kigali na tabia hiyo ni kujitafutia presha bure. Watu wa Kigali wana Kiswahili chao, wanaelewana nacho, na wana haraka zao. Kila kitu kiko "iko": chai iko, mgeni iko, kesho iko. Herufi za l na r zinabadilishana viti zinavyotaka. Ule utani wa kura na kula tuuache, umeshachakaa. Na pale ambapo Mtanzania ameacha neno wazi katikati, halina l wala r, mtu wa Kigali anaweza kukuwekea r yake mwenyewe bila kukutoza chochote.

Tito alifanya kazi katika kliniki moja ya kifua upande wa Kibagabaga, kwenye chumba kidogo chenye mashine ya kupima pumzi. Mgonjwa anabanwa pua kwa kibanio, anawekewa mrija mdomoni, anavuta hewa mpaka mabega yanapanda, halafu anapuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Shida ni kwamba hakuna binadamu anayependa kupuliza mpaka hewa iishe. Akifika nusu anaona imetosha, anaachia mrija, anaomba majibu. Kwa hiyo mpimaji lazima apige kelele. Tito alipiga kelele kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda chake chote kilikuwa ni hicho cha kelele: "Injiza umwuka!" yaani vuta hewa, "Sohora!" yaani itoe nje, na "Komeza, komeza!" yaani endelea, sijakwambia uache. Mengine yote alimwachia Mama Sangwa.

Mama Sangwa, kwa jina lake mwenyewe Mukandekezi, alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki hiyo, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha foleni. Alikuwa anastaafu mwezi Machi. Kiswahili chake alikiokota Nyabugogo akiwa msichana, alipokuwa akiuza vitambaa na mama yake kati ya mabasi na wabeba mizigo, na tangu siku hiyo hakukirudia kukikagua. Kila siku saa nne asubuhi alitoa kichwa dirishani akaita, "Tito, kuja! Chai iko inapora!"

"Inapoa, Mama Sangwa. Kupora ni kunyang'anya."

"Ndiyo. Iko inapora. Kuja."

Walikunywa chai hiyo pamoja kwa miaka tisa, yeye akisahihisha, mama akimwongezea sukari.

Msije mkadhani Tito alikuwa mtu mkavu. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisahau hata siku moja. Mwaka wa tano wa kukaa kwake Kigali alipigiwa simu kazini kwamba mama yake amefariki. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kibanio cha pua kiko mkononi, akawa hajui aanze na mguu gani. Mama Sangwa alivua aproni, akamshika mkono, akamwambia anamsindikiza Nyabugogo tu. Akamtafutia tiketi katikati ya makelele, akampandisha kwenye basi, akakaa pembeni yake "kidogo." Basi lilipoondoka hakushuka. Alisafiri naye mpaka Rusumo, mpakani, akiwa na viatu vyeupe vya kazini, hana pasipoti, hana hata mswaki. Pale alipozuiwa kwenda mbele ndipo aliposimama, na Tito alipogeuka akiwa upande wa pili wa daraja alimwona bado amesimama palepale. Hawakuwahi kulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo Tito alimhesabu kuwa mamake.

Basi, kuna chama cha kitaaluma cha watu wa mapafu, kinaitwa Chama cha Sayansi ya Upumuaji cha Maziwa Makuu. Wanachama wake ni kama themanini, Wanyarwanda kwa Warundi, na Tito mmoja. Mwaka wa kwanza wazee waliandika barua kwa Kifaransa, vijana wakajibu kwa Kiingereza, na kila upande ukajidai haukuelewa. Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, lakini kila mtu alitaka cha kwao ndicho kiandikwe kwenye katiba. Mwenyekiti, Daktari Nduwayo, Mrundi wa mkoa wa Ngozi asiyependa ugomvi, ndiye aliyeleta suluhu: tutumie Kiswahili. Hakuna kati yetu anayekijua vizuri, alisema, kwa hiyo hakuna atakayemwonea mwenzake. Mkutano mzima ulipiga makofi, isipokuwa Tito, ambaye alikuwa ameshika kifua kwa furaha.

Kuanzia hapo kundi la WhatsApp la chama likawa darasa lake. Alisahihisha matangazo ya mikutano, akasahihisha salamu za rambirambi, akasahihisha hata risala ya mtu aliyeshinda tuzo. Neno lililomtesa kuliko yote lilikuwa "kutora." Kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi, gutora ni kuchagua, kumpigia mtu kura. Basi kila msimu wa uchaguzi kundi lilijaa "tumutore nani" na "mimi nitamutora fulani." Tito aliandika, "Ndugu zangu, Kiswahili hakina kutora. Ni kuchagua." Walimjibu, "Asante mwalimu," kisha wakaendelea kutorana.

Bodi ya chama ina viti saba. Sita ni vya madaktari na watafiti, kimoja ni cha wauguzi na mafundi. Mwaka huu kiti hicho kimoja kilikuwa wazi, na Évode, fundi wa mitungi ya oksijeni, alitangaza kila mahali kwamba atakichukua bila kupingwa. Évode ni mtu mwema lakini ana mdomo. Tito alivumilia wiki mbili, na siku ya mwisho, ikiwa imebaki saa moja, akajaza fomu akaituma ili tu kumfundisha adabu. Kumbe Évode alikuwa harusini Rubavu na amesahau kabisa kujaza fomu. Jumamosi mchana orodha ilipotoka ilikuwa na majina mawili: Tito Mhina, na Mukandekezi.

Tito alisoma mara tatu. Ndipo akakumbuka. Kama mwezi mmoja nyuma, kwenye chai, mama alimwambia, "Tito, mwaka huu na mimi niko natokea ku bodi." Naye akamjibu, "Ninagombea, Mama Sangwa. Ninagombea nafasi kwenye bodi." Mama akasema ndiyo, hivyo. Tito akafurahi kuwa amefundisha, akamalizia andazi lake, na habari yenyewe ikapita sikio hili ikatokea lile. Sasa aliona aibu mpaka masikio yakamwasha moto.

Alijipigia hesabu, na kila alivyoipiga ilitoa jibu moja: atamshinda mama huyu, tena vibaya. Nani kwenye chama asiyemjua Tito? Nani anayeandika vizuri kumzidi? Mama Sangwa hakuwahi kuandika chochote kundini ila "Amen" na "Pore sana." Atashindwa mbele ya watu, miezi michache kabla ya kustaafu, na atakayemshinda ni yule aliyepelekwa Rusumo kwa mkono. Hapana. Bora afe yeye, alisema moyoni, ingawa hakuna aliyemwomba afe.

Akaamua kujitoa. Na akaamua asimwambie mama, kwa sababu alimjua: akisikia Tito amejitoa kwa ajili yake, na yeye atajitoa papo hapo, fomu zitafunguliwa upya, na kiti kitaenda kwa Évode. Akaketi, akaandika, akafuta, akaandika tena, akahakikisha kila nukta. Ujumbe ulisomeka hivi:

"Wapendwa wanachama, kwa sababu zangu binafsi, na baada ya kutafakari kwa kina, naomba mnitoe katika uchaguzi wa bodi. Nafasi hii inastahili mtu aliyeitumikia fani hii kwa moyo na kwa miaka mingi. Asanteni. Tito."

Kiswahili safi, hakina doa. Ungeusoma Muheza, mtoto wa darasa la pili angekuelewa. Lakini haukusomwa Muheza. Ulisomwa na watu ambao chai yao inapora, watu waliozoea kwamba Mtanzania huacha tundu katikati ya neno na wao hulijaza. Walipofika kwenye "naomba mnitoe" walijaza tundu bila hata kufikiri, wakasoma: naomba mnitore. Naomba mnipigie kura. Na wakafurahi kupita kiasi, maana baada ya miaka yote ya kuwafokea, mwalimu amesalimu amri na kulitumia neno lao.

Majibu yalimiminika. Daktari Nduwayo aliandika, "Sawa kabisa Tito, tutafanya!" Belyse, katibu wa chama, msichana mwepesi wa kidole, aliandika, "HATIMAYE!!!" na mikono sita ya makofi. Évode, akiwa bado Rubavu, aliandika, "Ulikuwa umechelewa, kaka." Vikafuata vidole gumba. Tito alivihesabu: arobaini na vitatu.

Niseme ukweli, vilimuuma. Alitegemea angalau mtu mmoja aandike "usifanye hivyo" au "tafadhali fikiria tena," hata kwa unafiki. Arobaini na watatu wamefurahi kumtoa, tena ndani ya dakika kumi. Aliweka simu kifudifudi mezani, akajiambia kwamba sadaka isiyouma si sadaka.

Mukandekezi naye aliusoma ujumbe ule, akiwa jikoni kwake, miwani puani. Aliusoma kama walivyousoma wengine. Hakuweka kidole.

Jumatatu saa nne dirisha halikufunguka. Tito alingoja mpaka saa nne na nusu, akaenda mwenyewe, akamkuta mama anakunywa chai yake mezani huku anapanga mafaili. Kikombe kilikuwa kimoja.

"Mama Sangwa, leo hukuniita."

"Bwana Mhina, mugonjwa yako iko mulangoni," akajibu, bila kuinua macho.

Bwana Mhina! Miaka tisa alikuwa Tito, Tito we, na siku akiugua mafua alikuwa mwana wangu. Siku ile alikuwa Bwana Mhina, na Jumanne pia, na Jumatano. Mgonjwa asiyejua Kiswahili alipoingia, mama alisimama mlangoni, akatafsiri neno kwa neno, akaondoka. Tito alichanganyikiwa. Hapa amejinyima kiti kwa ajili ya mtu, na mtu huyohuyo anamnyima chai. Akajijibu kwamba ni woga wa uchaguzi, maana watu wengine wakiogopa huwa wakali. Alhamisi akaona amtie moyo.

"Usiogope, Mama Sangwa. Jumamosi mambo yatakuwa mazuri. Mimi sehemu yangu nimeshaifanya."

Mama alimtazama. "Niliona," akasema. "Watu wote waliona."

"Basi?"

"Basi hongera." Akachukua faili lake akaenda zake, na Tito akabaki katikati ya korido amekumbatia boksi la vibanio vya pua.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa hoteli moja huko Kacyiru. Tito alifika amechelewa kidogo, kama mtu asiye na la kupoteza, akapita mlango wa pembeni, akakaa viti vya nyuma na kujimiminia maji. Alikuwa na amani. Alikuwa amekuja kupiga kura yake moja na kupiga makofi.

Mama Sangwa aliitwa kwanza. Alikuwa amevaa mushanana, lile vazi la heshima la Kinyarwanda linalofungwa begani, wa rangi ya zambarau, na hakuwa na karatasi.

"Mimi iko Mukandekezi," alisema. "Munanijua. Bagonjwa bananijua. Mutu akikosa pumuzi usiku, haiite bodi, anaita muuguzi. Nikikaa pale, madaktari batasikia. Ni ile tu. Murakoze, asante."

Ukumbi ulimpigia makofi marefu, na Tito alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka jirani yake akamtazama kwa mshangao. Kisha Daktari Nduwayo akasogelea kipaza sauti.

"Sasa tusikilize mugombea ya pili. Bwana Tito!"

Tito aligeuka kumtafuta Tito. Wakati huohuo Belyse alifungua bango lililokuwa limeviringishwa ukutani, na likashuka mpaka sakafuni. Juu kulikuwa na picha ya Tito anatabasamu, ile ya kitambulisho cha kazi. Chini, kwa herufi nyekundu, iliandikwa: NAOMBA MNITORE. KWA SABABU ZANGU BINAFSI.

Kuna wakati mtu anaelewa kwa tumbo kabla ya kichwa. Tito aliitazama ile r nyekundu, akavikumbuka vidole arobaini na vitatu, akakumbuka "hatimaye," na akakumbuka "watu wote waliona." Akatazama mstari wa mbele. Mama Sangwa alikuwa anaangalia mbele, shingo imenyooka, hageuki.

Alifika kwenye kipaza sauti bila kujua amefikaje.

"Jamani," alisema, "pametokea makosa. Mimi sikusema mnitore. Nilisema mnitoe!"

"Tutakutora!" ukumbi ukaitikia kwa furaha.

"Hapana! Sikilizeni. Mni-to-e!"

"Tu-ta-ku-to-ra!" wakamjibu kwa mapigo yaleyale, na wengine wakaanza kugonga meza. Daktari Nduwayo alikuwa anacheka mpaka miwani inaruka. Hajawahi kuona kampeni tamu namna hiyo, alimnong'oneza Belyse.

Tito alitokwa jasho. Kiswahili, mali yake, kilikuwa kimemkimbia mbele ya umma. Akaona hakuna njia ila kusema Kinyarwanda, na akaingia kwenye ghala la Kinyarwanda chake, na mle ndani kulikuwa na maneno yake yaleyale tu. Akajipiga kifua kwa kiganja.

"Tito," alisema, akaonyesha mlango. "Sohora!"

Waliokuwa wanagonga meza wakaacha.

"Tito, sohora!" akarudia kwa sauti yake ya chumba cha vipimo. "Sohora! Sohora! Sohora!"

Sasa hebu fikiria: watu karibu sabini wa mapafu wameketi, na mpimaji wa mapafu amesimama mbele yao akipiga kelele za kazi. Walidhani ni maonyesho. Mstari wa mbele walitoa hewa. Wa nyuma wakawafuata. Évode, ambaye hafanyi jambo nusunusu, alitoa hewa mpaka macho yakawa mekundu, akaanza kukohoa.

"Komeza!" akapiga kelele mtu kutoka pembeni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ndipo Mama Sangwa aliposimama. Hakupandisha sauti, lakini kicheko kilipungua chenyewe. Alikuwa amemsikia Tito akipiga kelele hizo kwa miaka tisa, na alijua pale ambapo sauti yake inakuwa ya kazi na pale ambapo inakuwa ya mtu anayezama.

"Tito," alisema. "Hii neno yako iko nini?"

"Kutoa, Mama Sangwa. Kuondoa. Kama jino bovu. Niliomba wanitoe kwenye uchaguzi, kama jino bovu."

Mama alilipima neno lile. Kisha akawageukia watu, akawaeleza kwa Kinyarwanda, kwa ufupi. Kicheko kilichofuata sitaki kukieleza, maana wahusika wengine ni madaktari wanaoheshimika na walikuwa wanalia juu ya mabega ya wenzao. Belyse alijifunika uso kwa kipande cha bango. Mukandekezi peke yake hakucheka.

"Sababu?" akamuuliza Tito.

"Unastaafu Machi. Na ulinipeleka Rusumo. Sikutaka..."

"Haukutaka nini?"

"Sikutaka ushindwe."

Mama alimsogelea, hatua mbili, akamtazama kutoka chini kwenda juu. "Uliona wewe utanishinda mimi."

Tito alifungua mdomo. Ngeli zote za Kiswahili alizijua, za watu na za vitu, lakini hapo hakupata hata neno moja la kusimama nalo. Akaufunga.

"Sikukasirika juu unagombea," mama akasema, taratibu, kwa sauti ya kumfikia yeye na mstari wa mbele tu. "Gombea, ni haki yako. Nilikasirika juu nilisoma kwa simu, kama mutu ya barabarani. Na ile ya kutoka pia haukuniambia. Miaka tisa tunakunywa chai, Tito. Mudomo yako iko ya kunisahihisha tu?"

Maneno hayo yalimwingia. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mama," na hakukumbuka kama alisema Mama Sangwa au mama peke yake.

Mukandekezi alimgeukia mwenyekiti. "Hakuna kutoka mutu. Abaki. Tupige kura."

Wakapiga. Karatasi zilikusanywa kwenye boksi la barakoa, zikamwagwa mezani, Belyse akahesabu na Daktari Nduwayo akahesabu baada yake. Tito alikaa nyuma mikono imeshikana, akimwomba Mungu amwepushie ushindi. Vidole arobaini na vitatu vilikuwa vinamzunguka kichwani. Wameshaahidi, tena kwa kugonga meza. Akishinda atakataa, akikataa atamdhalilisha zaidi, na asipokataa je?

"Mukandekezi," Belyse alisoma, "hamsini na nane."

Ukumbi ulisimama. Vigelegele vilitoka kona ya wauguzi.

"Tito Mhina, kumi na moja. Na moja imeharibika, mutu ameandika 'Komeza.'"

Tito aliruka kutoka kwenye kiti akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Furaha yake ilikuwa ya kweli, naomba mniamini hapo. Ila alipoketi, na vigelegele vikapungua, ile namba ilianza kumtembelea. Kumi na moja. Arobaini na watatu waliweka vidole, ukumbi ukagonga meza, na waliompigia kura ni kumi na mmoja. Kwa wiki nzima alijisifu moyoni kwamba amemnusuru mama wa watu asimponde, kumbe mama wa watu alikuwa anamngoja na nyundo. Wauguzi wote ni wake. Nusu ya madaktari wale yeye ndiye aliyewafundisha kushika sindano. Kila mtu katika ukumbi ule alijua, ila mpimaji mmoja kutoka Muheza aliyedhani watu huchaguliwa kwa sarufi.

Mchana, watu walipokuwa kwenye foleni ya chakula, Mukandekezi alimkuta peke yake kwenye meza ya mwisho kando ya dirisha. Alikuwa ametoka kupongezwa na mushanana umekaa upande. Akaweka sahani yake, hakuketi.

"Tito. Usirie."

Tito hakusahihisha. "Silii. Nimefurahi. Kura yangu nimekupa wewe."

"Najua. Yangu nilikupa wewe."

Tito aliinua kichwa. "Mimi? Umenipigia mimi? Lakini ulikuwa unagombea! Kwa nini?"

"Nilitazama watu," mama alisema, akichagua maneno. "Nikaona hauna mutu. Nikasema, huyu atapata sifuri mbere ya macho yangu. Nikakuhurumia."

Tito alikaa na lile neno. Alilijua vizuri, lilikuwa Kiswahili sanifu, na lilimchoma mpaka chini ya mbavu. Alihurumiwa. Aliona jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya huruma ile, na akaelewa kwamba wiki nzima alikuwa anataka kumwingiza humo mwanamke huyu, na kuufunga mlango, na kuuita mlango huo upendo.

"Kwa hiyo nilipata kumi," alisema hatimaye.

"Évode naye aliniambia alikuhurumia."

"Tisa."

"Tisa," mama akakubali. Akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ukalainika. "Iko inauma?"

"Inauma, Mama Sangwa. Inauma sana."

"Na mimi iliniuma," akasema. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yake, akamgawia nusu ya ndizi zake.